Bunduki kwenye begi la ndege Marekani: kwa nini mmoja anapita salama na mwenzake anapigwa pingu

Habari kutoka Marekani huwa zinaleta stori mbili ambazo ukizisoma pamoja haziingii akilini. Moja inasema abiria kakutwa na bastola kwenye ukaguzi, polisi wameitwa, safari yake imeishia hapo. Nyingine inasema wawindaji na watu wa mashindano ya kulenga shabaha wanasafiri na bunduki zao kwa ndege kila siku, wanafika, wanazichukua, wanaenda zao. Sasa mtu anauliza, na ana haki ya kuuliza, inakuwaje kitu kilekile, kwenye uwanja uleule, kwa huyu ni kosa na kwa yule ni mzigo kama mizigo mingine? Majibu yanayozunguka mengi ni ya kubahatisha, eti mmoja ana leseni mwingine hana, eti wamejuana na mkaguzi, eti Wamarekani ndo walivyo.

Jibu ni jepesi kuliko hayo yote, nalo ni mkono. Sheria ya usafiri wa anga ya kule inataka hivi, tangu mzigo unapopokelewa kaunta mpaka unapotoka upande wa pili, mkono wa mtu usiifikie ile bunduki, hata mkono wa mwenyewe. Kila kanuni utakayoisikia, iwe ya kasha, ya kufuli au ya risasi, imezaliwa hapo, na ukilishika hilo hata swali ambalo hujawahi kuulizwa utaweza kulijibu mwenyewe.

Tuelewane maneno kwanza. Mzigo wa mkononi ni ule unaoingia nao ndani unakaa nao. Mzigo wa kucheki ni ule unaouacha kaunta, unabandikwa lebo, unaenda tumboni mwa ndege na unauona tena kwenye mkanda ukifika. Kutangaza silaha, wengine wanasema kudiklea, ni kumwambia mhudumu wa shirika la ndege kwa mdomo wako mwenyewe kwamba humu kuna bunduki na haina risasi, kisha unasaini. TSA ni mamlaka ya serikali inayokagua abiria na mizigo, iliundwa mwaka 2001 baada ya mashambulizi ya Septemba 11, na hawa sio polisi, hilo liweke akilini maana litarudi huko mbele. Na neno bunduki kwao ni pana sana, sio bastola na shotigani tu, hata gobole la kushindilia baruti limo, hata ile bastola ya kuanzishia mbio za riadha imo, hata fremu tupu, lile bodi lenyewe bila mtutu wala kitu kingine, inapita kwenye njia ileile.

Zamani haikuwa hivi. Mpaka mwishoni mwa 1972 abiria wengi Marekani walikuwa wanatembea moja kwa moja hadi mlangoni mwa ndege bila mashine wala kupekuliwa, na matokeo yake kati ya 1968 na 1972 ndege za kule zilitekwa au kukoswakoswa kutekwa zaidi ya mara 100. Novemba 1972 watekaji watatu wakaichukua ndege ya Southern Airways, safari namba 49, wakatishia kuiangusha kwenye kinu cha nyuklia cha Oak Ridge kule Tennessee. Hapo ndo uvumilivu uliisha, na kuanzia Januari 5, 1973 ikawa lazima kila abiria na kila mzigo wa mkononi ukaguliwe. Lakini tazama walichoamua, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea: hawakuifukuza bunduki kwenye safari, waliitoa tu mahali ambapo abiria anaweza kuishika. Ni kama dawa kali kwenye nyumba yenye watoto wadogo, huwezi kuitupa kwa sababu kuna mtu anaihitaji, unaipandisha kabati la juu lenye ufunguo. Dawa ipo na mtoto yupo, ila hawakutani.

Sasa tuingie kaunta tuone inavyokwenda. Abiria anafika na sanduku lake. Hata kama boding pasi alishaitoa kwenye simu usiku wa jana, haruki kaunta, lazima amuone mhudumu. Anachosema ni kitu kama "naomba kutangaza bunduki isiyo na risasi, iko kwenye begi la kucheki". Wazoefu wanakusisitizia mpangilio wa hayo maneno, maana kusema "nina bunduki" kwa sauti kwenye foleni ya watu mia ni kuwatia watu kiwewe bure. Mhudumu anatoa kikadi, mara nyingi cha rangi kali ya chungwa au nyekundu, abiria anasaini na kuandika tarehe kwamba silaha haina risasi. Kile kikadi kinaingia ndani ya sanduku, karibu na kasha la bunduki, halafu sanduku linafungwa na kupelekwa kwenye skana. Mwenye mzigo anaambiwa asubiri pembeni dakika 10 au 20 hivi, ili wakaguzi wakitaka kasha lifunguliwe wamuite, kwa sababu ufunguo anao yeye. Hakuna king'ora wala askari wanaokimbia. Anayetazama kwa mbali anaweza kudhani huyu bwana ana mzigo uliozidi kilo tu.

Umeona kile kikadi kinaenda ndani? Wengi wanaamini begi lenye bunduki linabandikwa alama nje ili wahudumu wajue. Ni kinyume chake, sheria ya shirikisho inakataza msafirishaji kulazimisha alama au maandishi ya nje yanayoonyesha kwamba mzigo una silaha, na sababu iko wazi kabisa, ukibandika tangazo la namna hiyo umemuandikia mwizi barua.

Halafu hilo neno "haina risasi" ndilo linalowaponza watu, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Mtu anachomoa magazini, kile kisanduku kinachobeba risasi ndani ya bastola, anaiona bastola tupu, anasema nimetoa risasi. Lakini kama ilikuwa imekokiwa, risasi moja ilishapanda chemba, ile nafasi nyuma ya mtutu inapokaa tayari kupigwa, na magazini ikitoka ile moja haishuki nayo, inabaki palepale ikisubiri kidole. Fikiria bomba la maji, umefunga koki kubwa ya nje ukaridhika, halafu ukifungua bomba la jikoni maji yanatoka, kwa sababu kwenye paipu kulikuwa na maji yaliyobaki. Ndo maana anayejua anachomoa magazini kwanza, kisha anavuta nyuma slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, anachungulia chemba kwa macho, anaingiza na ncha ya kidole kuhakikisha, anarudia tena. Kwa kanuni za TSA bunduki inahesabika ina risasi ikiwa kuna risasi kwenye chemba, kwenye silinda, au kwenye magazini iliyochomekwa. Na kwenye kupanga adhabu wanaenda mbali zaidi, ukikutwa kwenye ukaguzi na bunduki tupu lakini risasi ziko mfuko wa pembeni wa begi lilelile, wanaichukulia kama imejazwa, kwa sababu zote mbili mkono wako unazifikia. Unaona mkono umerudi?

Kasha na kufuli

Kasha liwe gumu, la plastiki nzito au chuma, na likifungwa lifungike kweli. Kifuko cha kitambaa chenye zipu hakitoshi hata ukiweka kufuli la kilo nzima. Na hata kasha gumu sio yote, mengi ambayo bunduki inakuja nayo dukani ni ya plastiki laini yenye tundu moja la kufuli katikati, ukilifunga hapo katikati linabana vizuri lakini shika kona moja uivute, inabenuka, vidole viwili vinapita, na mwenye subira anaweza kuitoa bastola yote kwa pembeni bila kugusa kufuli. Hiyo ni sawa na mlango wenye kufuli la maana wakati bawaba zimelegea. TSA wenyewe wanatahadharisha kwamba kasha la kiwandani linaweza lisitoshe, na mkaguzi akiweza kulifungua kirahisi mzigo hauendi. Kwa hiyo kama kasha lina matundu mawili ya kufuli weka kufuli mbili, kama yapo manne weka nne, kisha jaribu kulibenua mwenyewe kabla hajalibenua mwingine.

Kasha hilo linaweza kuingia ndani ya sanduku lako la kawaida pamoja na nguo, hata kama sanduku lenyewe ni la kitambaa, hilo halina tatizo. Bunduki ndefu kwa kawaida zinasafiri na kasha lake peke yake. Kwa bastola kuna hatari ya wizi, kasha dogo mtu analikwapua zima akalivunjie kwao, ndo maana wengine wanapitisha waya wa chuma kwenye kasha na kuufunga kwenye fremu ya sanduku, na mimi naona ni akili nzuri.

Sasa kufuli. Hapa kuna uvumi ambao nimeukuta hata kwa watu wanaosafiri sana, kwamba lazima utumie kufuli lile lenye alama nyekundu, lile ambalo wakaguzi wana ufunguo wake. Kwa nguo sawa, kufuli lile linasaidia wasikukatie kufuli lako. Kwa kasha la bunduki TSA wanasema kufuli lolote linakubalika, na kanuni yenyewe inasema mwenye ufunguo au namba awe abiria peke yake, anautoa tu pale wakaguzi wanapohitaji kufungua. Sasa pima mwenyewe, kufuli ambalo maelfu ya watu wana ufunguo wake linaendanaje na maneno "abiria peke yake"? Na kibaya zaidi ni kwamba mwaka 2014 gazeti moja kubwa la Marekani lilichapisha picha inayoonyesha funguo hizo kuu waziwazi, mwaka uliofuata watu wakazichora upya kwa kompyuta na kuzitoa kwa printa za plastiki, zikafungua. Kwangu mimi hapo mjadala umefungwa, kasha la bunduki lifungwe na kufuli gumu la kawaida.

Na kutokana na hilo kumezaliwa ujanja ambao huenda umewahi kuusikia ukadhani ni utani. Wapiga picha wanaosafiri na kamera za thamani kubwa wanaogopa kuziacha kwenye begi ambalo linaweza kufunguliwa na ufunguo wa kila mtu. Kwa hiyo baadhi yao wananunua bastola ya kuanzishia mbio, ile ya kupiga mlio tu, wanaiweka kwenye kasha moja na lenzi, wanaitangaza kaunta kama kanuni inavyotaka, na kwa sababu kasha lina "bunduki" ndani linapata kufuli gumu ambalo mwenye ufunguo ni wao. Ni halali, na inakufundisha kitu, kwamba mzigo wenye silaha iliyotangazwa ni kati ya mizigo ambayo shirika la ndege halitaki kabisa kuupoteza.

Risasi nazo zina taratibu zake. Mkononi haziingii hata moja. Kwenye mzigo wa kucheki zinaruhusiwa zikiwa kwenye boksi lililotengenezwa kwa ajili ya kubebea risasi, liwe la karatasi ngumu, mbao, plastiki au chuma, kila moja imetulia mahali pake, sio kumwagwa kwenye soksi. Zikipakiwa hivyo zinaweza hata kukaa kasha moja na bunduki, ingawa kuna mashirika yanataka zitengane, kwa hiyo uliza kabla hujafika kaunta. Uzito, kanuni ya kimataifa ya bidhaa hatari ni kilo 5 kwa mtu na huruhusiwi kuunganisha na za mwenzako. Baruti iliyo wazi haipandi ndege ya abiria, mkononi wala tumboni, na fataki ndogo za kuwashia baruti nazo hivyohivyo. Magazini tupu, pini na vipuri vingine vya bunduki ni vya begi la kucheki. Darubini ya bunduki ndo pekee yenye uhuru, hata mkononi inaingia.

Watu wanaogopa kwamba risasi zikipata joto kule chini zitafyatuka zitoboe ndege. Risasi inapata nguvu kwa sababu mtutu umebana moto upande wote ukabaki na njia moja tu ya kutokea, ikilipuka ikiwa kwenye boksi ganda linapasuka na nguvu inatawanyika, na ndo maana zimewekwa kwenye daraja la milipuko ambayo athari yake inatarajiwa kubaki ndani ya kifungashio. Na lile tumbo la ndege ya abiria sio shimo la ajabu, limejazwa hewa kwa mgandamizo uleule wa juu mnakokaa. Hata ile hofu ya filamu, kwamba tundu moja la risasi linapasua ndege nzima, haiko hivyo, ndege yenyewe inaruka ikiwa na vali inayotoa hewa nje muda wote. Kinachoogopwa ni bunduki mkononi mwa mtu kwenye chumba ambacho hakuna pa kukimbilia.

Wanaokamatwa ni akina nani basi?

Mwaka 2023 TSA walikuta bunduki 6,737 kwenye vituo vya ukaguzi, na asilimia 93 zilikuwa na risasi ndani. Mwaka 2024 zikawa 6,678, na zenye risasi zikawa karibu asilimia 94. Uwanja wa Atlanta peke yake, Hartsfield-Jackson, ulikuwa na 451 mwaka 2023. Hawa sio wale waliofika kaunta na kasha, hawa wote walikuwa nazo kwenye mzigo wa mkononi au mwilini. Ukisikia maelezo yao wengi wanarudia neno moja, nilisahau. Na mimi kwa kweli nawaamini wengi wao, ni begi la mgongoni analoenda nalo kazini kila siku, bastola ina mfuko wake wa ndani, jioni akatupia nguo mbili juu na chaja ya simu akaenda uwanjani. Lakini huko kuamini hakunipunguzii wasiwasi, kunaniongezea, kwa sababu anayesahau bunduki yenye risasi kwenye begi ameisahau pia sebuleni, ameisahau kwenye gari, na kuna mtoto anayepita karibu na hilo begi ambaye hana mashine ya eksirei ya kumuonya.

Jumamosi ya Novemba 20, 2021 pale Atlanta, siku chache kabla ya sikukuu ya Thanksgiving, ilionekana kusahau kunaweza kufika wapi. Begi lilipita kwenye mashine, picha ikaonyesha bastola, mkaguzi akalivuta pembeni alifungue na akamwambia abiria asiguse kitu. Begi lilipofunguliwa abiria akachupa akaikamata bastola, ikafyatuka. Watu walilala chini, wengine wakakimbia hadi nje kwenye maegesho ya ndege, safari zikasimamishwa kwa muda. Hakuna aliyepigwa risasi, waliumia watu wachache kwa msukumano. Ni sekunde moja tu, mkono na bunduki vilikutana mahali ambapo havitakiwi kukutana.

Nini kinawapata? Hapa ndo kile nilichokwambia ukiweke akilini. TSA sio polisi, hawakamati mtu wala hawataifishi bunduki, wanasimamisha mstari na kuita polisi wa pale. Polisi ndo wanaamua kwa sheria za jimbo lao, na majimbo hayafanani kabisa, sehemu moja mtu anaambiwa rudisha kwenye gari uje upya, sehemu nyingine analala mahabusu. Ila TSA wana yao ya pembeni, faini ya kiserikali inayokuja kwa barua hata kama polisi wamekuachia, na kwa viwango vya 2023 iliweza kufika dola 14,950 kwa kosa moja. Aliyekuwa kwenye mpango wa PreCheck, ule wa kupita ukaguzi wa haraka, anaupoteza kwa miaka isiyopungua 5.

Na leseni? Kibali cha jimbo cha kutembea na bastola iliyofichwa hakifanyi kazi pale kwenye ukaguzi, hata kiwe kipya na cha jimbo lilelile. Ukiingia na bunduki kwa bahati mbaya ukiwa na kibali, kosa ni lilelile. Wanaoruhusiwa kuwa na silaha ndani ya ndege ni wachache mno, maaskari wa siri wa anga, maofisa wa sheria waliopata mafunzo maalumu ya kuruka na silaha wakiwa na sababu ya kikazi, na marubani waliojiunga na mpango ulioanzishwa kwa sheria ya 2002. Basi.

Kuna maeneo mawili ambayo huu utaratibu una nyufa, na itakuwa sio haki nikiyaruka. La kwanza ni mwisho wa safari. Januari 6, 2017 mtu mmoja aliruka kutoka Anchorage, Alaska hadi Fort Lauderdale, Florida. Bastola yake aliitangaza, aliifunga kwenye kasha, kila kitu kwa kanuni. Akafika, akalichukua kasha lake kwenye sehemu ya mizigo, akaingia msalani, akaijaza risasi, akatoka akaanza kupiga watu waliokuwa wanasubiri mabegi. Watu 5 walikufa. Kanuni yote ililinda ndege na ndege ilikuwa salama, lakini pale kwenye mkanda wa mizigo mkono na bunduki viliruhusiwa kukutana katikati ya umati. Baadae shirika la Delta likaanza kutoa mizigo yenye bunduki kupitia ofisi ya mizigo kwa kuonyesha kitambulisho, ikiwa imefungwa kwa mikanda ya plastiki ambayo huwezi kuikata kwa vidole. Kwa maoni yangu hilo lilitakiwa liwe la wote, kila uwanja, maana halimpunguzii haki msafiri yeyote, linamchelewesha dakika chache tu.

La pili ni safari inapokatika njiani. Marekani ina sheria ya 1986 inayomlinda mtu anayesafirisha bunduki kutoka jimbo ambalo ni halali kwake kwenda jimbo lingine ambalo ni halali, hata akipita katikati kwenye jimbo kali, ilimradi bunduki haina risasi na wala yeye hawezi kuifikia kirahisi. Inasikika imekamilika, sivyo? Mwaka 2005 msafiri mmoja wa Utah alikuwa anaenda Allentown, Pennsylvania akibadilisha ndege Newark, New Jersey. Alishatangaza bastola yake mwanzo wa safari vizuri kabisa. Ndege ikachelewa, akakosa koneksheni, akajikuta amekabidhiwa begi lake na kulala nalo hotelini. Asubuhi akarudi kaunta kama raia mwema, akatangaza tena bastola, akakamatwa na kulala mahabusu siku kadhaa. Mashtaka yalifutwa, akashtaki na yeye, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema sheria ya 1986 haikumlinda, kwa sababu usiku ule pale hotelini begi lilikuwa mikononi mwake. Mahakama ilikiri kwamba aliwekwa kwenye wakati mgumu bila kosa lake, lakini maneno ya sheria ndo hayo. Ndo maana wanaojua wanakwambia ukilazimika kulala New Jersey au New York na begi lina bunduki, usilipokee, liache kwa shirika la ndege, na kama umeshalipokea zungumza na wakili kabla hujarudi kaunta. Kutangaza kunakulinda mbele ya sheria za anga, hakukulindi mbele ya sheria ya jimbo unalosimama, na watu wanakamatwa viwanja vya New York wakiwa kwenye tendo lenyewe la kutii kanuni. Inauma, na ni kweli.

Ukitoka nje ya Marekani hayo yote yanaanza upya. Tamko la kaunta linakupandisha ndege, halikuingizi nchi ya watu. Kanada ina fomu yake ya mgeni mwenye silaha na ada yake, Uingereza inataka kibali kilichotafutwa mapema na mwenyeji wako, nchi za Umoja wa Ulaya zina pasi ya silaha kwa wakazi wake, na mgeni anayeingia Marekani na bunduki ya kuwindia lazima awe na kibali cha ofisi inayosimamia silaha huko. Hata nchi unayobadilishia ndege tu ina sauti. Na mashirika mengi ya kimataifa yanataka taarifa siku mbili tatu kabla, mengine hayabebi kabisa.

Lakini kinachowaponza zaidi nje ya nchi sio bunduki, ni risasi moja iliyosahaulika. Visiwa vya Turks na Caicos, ambako Wamarekani wengi wanaenda mapumziko, vilikuwa na adhabu ya chini ya miaka 12 jela kwa kukutwa na risasi, na mwaka 2024 Wamarekani kadhaa walikamatwa pale wakiwa wanarudi nyumbani, baada ya risasi chache kuonekana kwenye mabegi yao. Hawakuwa na bunduki, baadhi yao walikuwa wametumia begi la kuwindia kama begi la likizo. Waliishia na vifungo vya nje na faini, na sheria ikarekebishwa mwaka huohuo kuwapa majaji nafasi ya kupunguza, lakini kuna waliokaa wiki na wiki mbali na watoto wao wakisubiri kesi.

Risasi ndogo ya bastola haizidi kipande cha kidole, inateleza kwenye mshono wa chini, inaingia kati ya bitana na ubao mgumu wa kitako cha begi, ukitikisa hausikii kitu. Kumwaga vitu kitandani hakutoshi. Geuza mifuko yote nje, ng'oa ule ubao wa chini kama unatoka, pitisha vidole taratibu kwenye kila mshono ukiwa na tochi, na kama begi limewahi kwenda kulenga shabaha hata mara moja, liache nyumbani uchukue lingine.